Kupunguza Kitambi: Mazoezi ya Kuchagua kwa Mkazi wa Tarime na Serengeti

Kwa miaka mingi kitambi kimehesabiwa kuwa dalili ya mambo kunyooka. Mwenye duka Sirari akinenepa, watu husema biashara imekubali. Lakini vituo vya afya vinaona upande wa pili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kati ya Watanzania 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, karibu 26 walikuwa na uzito uliozidi, karibu 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na 9 walikuwa na kisukari. Mafuta ya tumboni ni njia kuu inayounganisha hayo matatu.

Mtu akishaamua kuondoa kitambi, jambo la kwanza analofanya ni kulala chali sakafuni na kuanza kuinuka mara 50, mara 100, hadi tumbo liume. Wiki tatu baadaye mkanda wa suruali uko kwenye tundu lilelile, naye anakata tamaa. Bidii anayo, ila amechagua zoezi lisilofaa kwa kazi hiyo. Makala hii inaeleza namna ya kuchagua linalofaa, kwa kutumia ardhi, hali ya hewa na kazi za watu wa Tarime na Serengeti.

Kwanza, hakikisha ni mafuta

Si kila tumbo kubwa ni kitambi. Tumbo linaweza kuvimba kwa sababu ya maji yanayotokana na ugonjwa wa ini, uvimbe kwenye kizazi, bandama iliyokua au mimba. Kichocho cha tumbo, ambacho kipo kwa wingi kandokando ya Ziwa Victoria, huweza kuharibu ini na kujaza tumbo maji. Kama tumbo lako limekua haraka, ni gumu, lina maumivu, au limekua huku mikono na mashavu yakikonda, usianze mazoezi. Nenda hospitali ya Tarime au ya Mugumu, au anzia zahanati iliyo karibu, ukachunguzwe.

Kama ni mafuta, pima. Chukua kamba, ikate sawa na urefu wako kuanzia kisigino hadi utosini, kisha ikunje katikati. Izungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa chini kabisa na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kwa kawaida, bila kubana tumbo. Kamba iliyokunjwa ikishindwa kukutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na hapo hatari ya maradhi ya moyo na kisukari huanza kupanda. Mwenye futi ya fundi cherehani atumie vipimo vya Shirika la Afya Duniani: hatari huongezeka mwanamume akifika sentimita 94 na mwanamke akifika 80, na huwa kubwa zaidi kwa sentimita 102 na 88.

Mwenye presha, kisukari, maumivu ya kifua, au aliyevuka miaka 40 bila kufanya mazoezi kwa muda mrefu, apimwe kwanza. Kupima presha ni kazi ya dakika chache.

Kwa nini zoezi la tumbo haliondoi tumbo

Mafuta ya tumboni yako ya aina mbili. Kuna yale ya chini ya ngozi, unayoweza kuyashika kwa vidole, na kuna yale ya ndani yanayozunguka ini, utumbo na viungo vingine. Haya ya ndani ndiyo hatari zaidi. Hakuna kati ya aina hizo mbili inayokaa ndani ya msuli. Unapoinuka mara 100 unauchosha msuli wa tumbo na kuuimarisha, lakini nguvu unayoitumia inatokana na akiba ya mwili mzima inayosafirishwa kwa damu. Ng'ombe wakinywa upande mmoja wa lambo, maji hupungua lambo zima. Mwili nao hauchoti mafuta pale tu palipo na msuli unaofanya kazi.

Watafiti wamelipima jambo hili. Mwaka 1971 walipima mafuta ya chini ya ngozi kwenye mikono ya wachezaji wa tenisi, ambao mkono mmoja hufanya kazi nyingi kuliko mwingine. Mkono wenye kazi ulikuwa na misuli mikubwa zaidi, lakini unene wa mafuta ulikuwa sawa. Mwaka 1984 wanaume waliinuka kutoka chali zaidi ya mara 5,000 kwa siku 27. Mafuta yao yalipochunguzwa tumboni, mgongoni na matakoni, tumbo halikuonekana kupungua kuliko sehemu nyingine. Mwaka 2011 watu waliofanya mazoezi ya tumbo kwa wiki sita walipata misuli yenye uvumilivu zaidi, lakini mafuta ya tumbo yalibaki palepale.

Kwa hiyo zoezi la kupunguza kitambi linachaguliwa kwa kuangalia linautumikishaje mwili mzima. Kuungua kwa misuli ya tumbo si kipimo.

Maswali manne ya kujiuliza kabla ya kuchagua

*Je, linatumia misuli mikubwa?* Misuli mikubwa ya mwili iko kwenye mapaja, matako na mgongo. Zoezi linaloitumikisha kwa pamoja, kama kupanda mlima, kukimbia, kuruka kamba, kuchuchumaa na kusimama, au kucheza ngoma, hutumia nguvu nyingi kwa muda mfupi. Kunyanyua kichwa tu kutoka sakafuni hutumia nguvu kidogo sana.

*Je, linanitoa pumzi kwa kiasi kinachofaa?* Kipimo chake ni mdomo wako. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko kwenye mwendo wa kati, na huo unafaa kwa siku nyingi za wiki. Ukishindwa kutoa zaidi ya maneno machache kabla ya kuvuta pumzi, uko kwenye mwendo mkali, na huo ufanye kwa vipindi vifupi.

*Je, nitaweza kulirudia wiki nzima hapa ninapoishi?* Zoezi linalohitaji ukumbi ulio mbali, mashine au viatu vya bei ghali utaliacha. Mvua za masika na vuli nazo zifikiriwe, kwa sababu udongo wa vilima vya Tarime huteleza.

*Je, viungo vyangu vinalimudu?* Mtu wa kilo 110 akianza kwa kukimbia lami, magoti yatamsimamisha kabla kitambi hakijaguswa. Aanze kwa kutembea.

Zoezi likipata ndiyo kwa maswali yote manne, ni lako. Likikosa moja, tafuta jingine.

Mazoezi yanayofaa

*Kutembea haraka na kupanda mlima.* Mkazi wa Tarime amezungukwa na vilima, na mlima unalifanya zoezi la kutembea kuwa kali bila kuhitaji mbio wala kuumiza magoti wakati wa kupanda. Anza kwa kutembea haraka kwenye njia tambarare dakika 20. Baada ya wiki mbili ingia kwenye mwinuko. Baada ya mwezi, fanya vipindi: panda kwa nguvu dakika moja, shuka taratibu dakika mbili, rudia mara sita hadi nane. Tafiti zinaonyesha kuwa mazoezi makali ya vipindi na mazoezi ya mwendo wa kati yanakaribiana katika kupunguza mafuta. Faida kubwa ya vipindi ni kuokoa muda, kwa hiyo asiyependa kuhema kwa nguvu anaweza kutembea kwa muda mrefu zaidi. Unaposhuka, kunja magoti kidogo na ufupishe hatua, kwa maana kushuka ndiko kunakoumiza goti.

*Mchakamchaka.* Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua. Ukimbie taratibu, mkiwa kundi, na wimbo. Wimbo una kazi yake: mkishindwa kabisa kuitikia, mwendo umezidi. Anayeanza akimbie dakika moja na kutembea mbili.

*Kuruka kamba.* Kamba ya katani au ya nailoni inatosha. Kuruka sekunde 30 na kupumzika sekunde 30, mara kumi, kunautumikisha moyo kwa nguvu. Ruka kwa vidole vya miguu juu ya udongo uliosawazishwa, siyo sementi. Mwenye uzito mkubwa au magoti mabovu aache kamba na apande na kushuka kizingiti au ngazi moja imara.

*Mazoezi ya nguvu.* Watu wengi hayawaingii akilini wanapofikiria kitambi, na hilo ni kosa. Mtu anayepungua kwa kutembea na kupunguza chakula pekee hupoteza mafuta pamoja na msuli. Mazoezi ya nguvu huulinda msuli, na msuli ndio unaotumia sukari nyingi ya damu. Manne yanatosha:

1. Kuchuchumaa na kusimama. Miguu upana wa mabega, visigino chini, kifua juu. Anayeanza aweke kiti nyuma yake akiguse kwa matako kabla ya kusimama. Mara 10 hadi 15.
2. Pushapu. Anza kwa ukuta, kisha meza imara au gogo, kisha ardhi. Mara 8 hadi 12.
3. Kupanda na kushuka gogo au ngazi kwa mguu mmoja mmoja. Mara 10 kila mguu.
4. Kubeba madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, mgongo wima, hatua 40. Dumu la lita 10 likijaa maji lina kilo 10, na zoezi hili hukaza kiuno na tumbo kuliko mazoezi mengi ya sakafuni. Mwenye ngiri asilifanye kabla ya kuonana na daktari.

Zunguka yote manne mara tatu, ukipumzika dakika moja hadi mbili kati ya mizunguko. Yakiwa mepesi, ongeza idadi au uzito.

*Kujikaza kwa viwiko.* Hili ndilo zoezi la tumbo ninaloliacha kwenye orodha. Lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke kama ubao, bana tumbo na matako, usizuie pumzi. Sekunde 15 hadi 30, mara tatu. Lengo ni kuimarisha kiuno na mgongo ili uweze kufanya mazoezi mengine bila maumivu. Halichomi kitambi, lakini dereva na mwendesha bodaboda watalishukuru.

*Ngoma.* Ngoma za Wakurya zinazoongozwa na litungu huchezwa kwa miguu na mabega kwa muda mrefu. Dakika 30 za kucheza kwa moyo ni mazoezi kamili. Kwaya inayoimba na kucheza jioni nayo imo.

Chagua kwa kazi yako na mahali pako

*Mwendesha bodaboda, dereva, mwenye duka, karani, mwalimu.* Adui yenu ni kiti. Tafuta dakika 30 kabla ya kazi, na kila saa moja simama dakika tatu: tembea, chuchumaa mara kumi. Bodaboda anayesubiri abiria stendi anaweza kukamilisha mizunguko yake mitatu ya nguvu kabla ya saa nne asubuhi.

*Anayeishi jirani na hifadhi.* Vijiji vya Wilaya ya Serengeti kama Robanda viko jirani na hifadhi, na tembo wanaoingia mashambani usiku huwa njiani wakirudi alfajiri. Usifuate ushauri wa jumla wa kukimbia saa kumi na moja asubuhi. Fanyia uani: kamba, ngazi, kuchuchumaa, madumu, ngoma. Ukitaka kutembea, subiri jua litoke vizuri, nenda na wenzako kwenye barabara yenye watu. Madereva wa watalii, ambao hukaa ndani ya gari kutwa nzima na hawawezi kushuka porini, nao wafanyie kambini, ndani ya eneo linaloruhusiwa.

*Mfanyakazi wa zamu migodini Nyamongo.* Ukitoka zamu ya usiku usianze kwa mazoezi makali. Lala kwanza, fanya mazoezi baada ya kuamka. Kukosa usingizi huongeza njaa na hamu ya vitu vitamu, na juhudi yote hupotea.

*Mama anayelima, kuchota maji na kukata kuni.* Dada na mama zetu hawa tayari wana mazoezi kuliko mtu wa ofisini, na si haki kuwaongezea mbio. Kama kitambi kipo licha ya jembe, angalia sukari, mafuta ya kupikia, pombe na usingizi, na upime presha na sukari.

*Mama aliyejifungua.* Mimba huweza kuachanisha misuli miwili ya mbele ya tumbo. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo. Ukiona tuta limetokeza katikati ya tumbo au vidole viwili au zaidi vinazama juu au chini ya kitovu, acha zoezi la kuinuka kutoka chali, kwa sababu linaweza kuongeza mwachano huo. Anza na kutembea, kubana tumbo taratibu unapotoa pumzi, na kuinua nyonga ukiwa chali. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa ya daktari.

Ratiba ya wiki

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya mwendo wa kati kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Unaweza kuipanga hivi:

- Jumatatu: kutembea haraka dakika 35.
- Jumanne: mizunguko mitatu ya nguvu, kisha kujikaza kwa viwiko.
- Jumatano: kutembea haraka dakika 35, au kucheza ngoma.
- Alhamisi: mizunguko mitatu ya nguvu.
- Ijumaa: vipindi vya mlima au kamba, dakika 25 pamoja na kupasha mwili moto.
- Jumamosi: mwendo mrefu wa saa moja na wenzako.
- Jumapili: pumziko.

Wasabato wabadilishe Jumamosi na Jumapili. Anayeanza kabisa afanye nusu ya ratiba hii kwa wiki mbili za kwanza. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Siku hiyo ni nzuri kwa kuanzisha kundi la mtaa, ila kitambi kinahitaji wiki nzima.

Mazoezi bila sahani hayafiki mbali

Kusini mwa Hifadhi ya Serengeti, karibu na Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa matunda, mizizi na asali, wanaotembea sana na ni wembamba. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nguvu wanayoitumia kwa siku. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao yalikaribiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa kwenye viti. Funzo kwetu ni kwamba mwili una namna ya kubana matumizi, na huwezi kutegemea jasho pekee kufuta unachokula. Mazoezi hupunguza mafuta ya ndani, presha na sukari hata uzito usiposhuka sana. Chakula ndicho hushusha uzito.

Anza na vinywaji. Soda ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari na kalori 150, karibu sawa na anazotumia mtu wa kilo 80 akitembea haraka nusu saa. Bia ya nusu lita ina kalori takriban 200. Chai vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vinne, ni vijiko 16 vya sukari. Punguza hivyo kabla hujagusa kitu kingine. Kisha panga sahani: nusu mboga za majani, robo ugali, ndizi au viazi, robo dagaa, samaki, maharage au nyama isiyo na mafuta mengi. Ugali wa mtama au muhogo haukatazwi. Kinachonenepesha ni ukubwa wa tonge na idadi yake. Chapati na maandazi ya kila asubuhi yawe ya siku moja moja.

Usinunue mkanda wa kubana tumbo, wala usikimbie umevaa koti la nailoni ili utoe jasho jingi. Jasho ni maji. Ukinywa, kilo zinarudi. Dawa na chai za kuharisha nazo hutoa maji na chumvi za mwili, na zinaweza kukudhuru.

Pima, rekebisha, endelea

Pima kiuno mara moja kwa wiki mbili, asubuhi kabla ya kula, mahali palepale, na uandike. Mzani unaweza kusimama wakati kiuno kinapungua, kwa hiyo amini futi kuliko mzani. Kupungua nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri na salama. Baada ya wiki sita, kama kiuno hakijasogea, usiongeze zoezi la tumbo: chunguza vinywaji, kisha ongeza dakika za kutembea, kisha ongeza uzito wa madumu. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata isivyo kawaida, simama hapohapo na uende kituo cha afya.

Leo pima kiuno kwa kamba. Chagua zoezi moja la pumzi na mawili ya nguvu kati ya haya, yale yaliyopita maswali yote manne kwa mwili wako na kijiji chako. Mwambie jirani au mwenza wako siku na saa mtakayoanza. Yafanye wiki nne bila kubadilisha, kisha pima tena. Zoezi utakaloendelea nalo hadi msimu ujao wa mvua ndilo litakalopunguza kitambi, hata kama ni kutembea tu kila asubuhi na jirani yako.